Siku Kisutu cha Bi Maimuna Kilipolazwa

Mabinti zangu wa kliniki,

Siku ile mliponifanyia karamu ya kuniaga mlinitaka nisimame nitoe nasaha. Nikasimama, nikaiona pilau inapoa, nikasema asanteni sana, nikakaa. Msidhani nilikosa la kusema. Nilikuwa na njaa. Sasa nimeshiba, niko kwangu, miguu nimeipandisha juu ya kigoda, na nitasema yote kwa utaratibu kuanzia mwanzo. Atakayeona maneno ni marefu na aiweke barua chini akachemshe vyombo. Najua havijachemshwa.

Vyeo sitavieleza, vilikuja polepole vikanikuta nimeshaanza kuumwa magoti. Mshahara nao tuuache, tusije tukaharibu mazungumzo. Nataka kuwaeleza habari za kisutu kilicholazwa hospitali. Kila nikiwasikia mnamsema mwanamke aliyekataa kuja kupimwa mlango wa kizazi nakikumbuka kisutu hicho, nacheka peke yangu, nanyi mnatazamana kama mimi nimepandwa na maruhani.

Nilianza kazi Garsen miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilitoka kwetu Ozi kwa mtumbwi, nikipandisha mto pamoja na ami yangu, yeye akipiga pondo, mimi nikiwatazama mamba wanavyotutazama. Dispensari ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na baraza, mabati juu, mbu ndani. Aliyeisimamia ni dresa, yaani mfunga vidonda na mtoa dawa, Komora, Mpokomo wa huko huko mtoni, mwembamba, mpole, na kaptura yake nyeupe ilipigwa pasi hata ungedhani ingeweza kuja kazini peke yake.

Somo langu la kwanza alinipa mlangoni, sijaweka mzigo chini. "Zuhura, kazi ya hapa ni kuchemsha. Ukiona kitu, chemsha."

Mimi ni mtu wa kutii. Nilichemsha makasi, nikachemsha koleo, sindano na mabakuli. Halafu nikaiona miwani yake mezani. Lahaula! Ilitoka majini fremu imepinda, na tangu siku hiyo Komora akimtaka mgonjwa amwone vizuri ilibidi amtazame kwa upande. Wagonjwa walidhani ndiyo elimu yenyewe, wakazidi kumheshimu.

Sasa kuna desturi moja ya dispensari ile ambayo lazima mwijue, ama sivyo hamtanielewa. Watu walikaa mbali. Wapokomo walikuwa kandokando ya mto na mpunga wao na migomba yao, Waorma wako nyikani na ng'ombe. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kuja: ana homa, au mto umejaa, au akiondoka shambani nyani watakula kila kitu na kumbakishia maganda. Basi alimtuma mtu, na mjumbe alileta leso ya mgonjwa. Leso ndiyo ushahidi. Komora anaishika, anauliza maswali yake, anatoa kwinini. Ukija mikono mitupu ukasema shangazi yako anatetemeka, Komora atakuuliza, "Shangazi gani? Leso yake iko wapi?" Mwanamke mmoja aliweza kuja na leso tano begani akaondoka na dawa za ukoo mzima. Na niliwahi kumshuhudia mzee mmoja aliyekuja na homa yake mwenyewe, amejifunika kikoi chake mwenyewe, akaambiwa akae kwanza barazani mpaka Komora aamue kama yeye ni mgonjwa au ni mjumbe.

Mnacheka. Na ilifanya kazi, kwa homa.

Malazi yangu yalikuwa kwa Bi Maimuna. Alizaliwa Kulesa akaolewa Garsen, na ndiye aliyekuwa mkunga wa sehemu zile zote. Mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya mto. Mume alikuwa akikaa mji wa Madogo, anafanya biashara ya mifugo, anakuja mara moja moja kuona kama nyumba bado ipo. Nyumbani alikuwapo mke mdogo, Saumu, msichana wa kucheka ovyo, naye Bi Maimuna alimlea zaidi kama mwana kuliko mke mwenza.

Hii mikono yangu mnayoisifu ni ya Bi Maimuna. Yeye ndiye aliyenifundisha kuipasha moto kabla ya kumgusa mzazi, hata jua likiwa linapasua vichwa. Alinifundisha kumuuliza mzazi amekula nini kabla ya kumuuliza anaumwa wapi. "Usimwambie asukume," alikuwa akiniambia. "Yeye ndiye atakayekwambia. Wewe nyamaza, una kelele nyingi." Aliyasema hayo kwa sauti iliyosikika sokoni.

Na kila akienda kuzalisha alijifunga kisutu chake, leso yake ya harusi, kile chekundu chenye nyeusi na nyeupe, kimepauka, pembe moja imeungua kwa kaa la moto. Watu waliamini mtoto hashuki mpaka akione kisutu. Bi Maimuna alisema huo ni upuuzi mtupu. Lakini siku moja alikisahau, akanigeuza katikati ya njia, tukarudi nyumbani mbio kukichukua.

Mwaka wangu wa pili nikaanza kuona vitambaa kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Vimekatwa kwenye leso kuukuu, vimefuliwa, vimeanikwa chini ya shuka visionekane. Saumu alikuwa na mimba, kwa hiyo havikuwa vyake. Vyangu navijua. Akabaki mmoja, naye alikwisha kuacha mambo hayo miaka mingi nyuma.

"Bi Maimuna," nikamwambia, "hivi vitambaa vya nani?"

"Vyangu. Ujana umenirudia. Wivu wa nini?"

Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka kwa adabu, huku navihesabu vile vitambaa.

Haukupita muda akaja Daktari Mrefu. Jina lake la Kizungu lilitushinda, na urefu ulikuwa dhahiri. Alikuja na Land Rover yake na masanduku matatu, wavuta kamba wa kivuko wakaivusha gari huku wakiimba na kumwangalia, maana hawakuwahi kuona mwanamke anayeendesha gari na anayelazimika kuinama kupita kila mlango wa Garsen. Alikuwa amefanya kazi Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa safi.

Akatukalisha mimi na Komora barazani akatueleza. Kuna ugonjwa, alisema, unaoanzia kwenye mlango wa kizazi. Mwanzo hauumi. Mwanamke analima, anapika, anacheka, na wenyewe unajijenga ndani. Wengine wanaona damu isiyo ya wakati wake, hasa aliyekwisha kukoma hedhi, na wengine hawaoni kitu. "Wanawake wa huku wanaletwa kwangu Mombasa wakiwa wamebebwa," akasema. "Wakati huo sina la kufanya ila kuwapunguzia maumivu. Nimechoka kuwapokea wamechelewa. Mara hii nimewafuata mimi."

Aliposema damu ya aliyekoma hedhi, chai ilinipalia. Komora alinipiga mgongoni, akakosa, maana alikuwa ananitazama kwa upande.

Chombo chenyewe cha kupimia mnakijua, cha chuma, chenye midomo miwili. Zamani zile wanawake walikiita bata. Mimi kazi yangu ilikuwa kumchemsha bata, kumpoza, na kushika tochi. Daktari akiona vizuri anapaka aidini, ile ile ya vidonda. Ngozi nzima inageuka rangi ya kahawa. Palipo na kasoro panakataa rangi, panabaki peupe. Nyinyi leo mna vijiti na vioo na maabara. Sisi tulikuwa na bata, tochi na aidini, na betri za tochi zilikuwa za kubembeleza.

Chifu akaagizwa atangaze. Chifu yule alikuwa shujaa, aliwahi kupambana na kiboko kwa kafi. Lakini kusema mbele ya wakwe zake yale ya mlango wa kizazi? Thubutu! Alisimama sokoni, akakohoa, akasema amekuja mtu wa serikali na masanduku, wahusika waende dispensari wakaangaliwe, akakohoa tena, akaondoka haraka. Na mtu wa serikali wa mwisho aliyekuja na masanduku alikuwa daktari wa mifugo. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuja mwanamke hata mmoja. Walikuja ng'ombe. Waorma waliwaleta toka alfajiri, wamepangwa vizuri kabisa, kimya, kuanzia barazani mpaka kivukoni. Daktari Mrefu alitoka nje amevaa aproni, akawatazama, akanitazama. "Zuhura," akasema, "bata hatatosha."

Bi Maimuna alipopata habari alitoka nyumbani kwa hasira. Alisimama pale kivukoni, mahali ambapo kila mwanamke lazima apite, wa ndizi, wa samaki na wa maziwa, akawaeleza waziwazi bila kukohoa.

"Sikilizeni! Ni mwanamke mwenzenu anayewaangalia. Anayeshika tochi ni Zuhura wangu. Komora amefukuzwa, yuko barazani. Haiumi, ni baridi tu kidogo. Wewe Hadija, unakwenda wapi? Mimi nimekuona ukizaa mara nne, una nini cha kunificha?"

Mama mmoja wa Kiorma aliyeleta maziwa kwenye kibuyu akamwambia, "Mimi hapana gonjwa. Kwa nini mimi enda?"

"Ng'ombe wako unawapeleka sindano wakiwa wagonjwa au wakiwa wazima?"

Yule mama akafikiri. "Wazima."

"Basi jipende angalau kama ng'ombe."

Mama akatua kibuyu chake akaenda, wa kwanza kabisa. Na ndiye tuliyemkuta na sehemu ndogo nyeupe, mwenyewe hana dalili hata moja. Daktari alipachoma kwa moto pale pale, kidogo tu, akamwambia hicho kingemuua baada ya miaka. Akarudi kuchukua kibuyu, akawaambia wenzake kwa Kiorma maneno ambayo sikuyaelewa, lakini kesho yake walikuja wengi na wakaacha ng'ombe nyumbani.

Sasa ikaja siku ya Saumu. Aliingia chumbani na tumbo lake, na begani ana furushi la leso limefika masikioni. Daktari alimwangalia kwa upole, akamkuta salama, akamwambia ashuke. Saumu akabaki pale pale juu ya meza.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

Saumu akalifungua furushi. "Hii ni ya mama yangu mzazi. Hii ya wifi yangu. Hii ya jirani, alisema kama kuna nafasi. Hizi mbili ni za watu wa Kulesa, wana palizi." Akalala tena vizuri. "Endelea, Memsabu. Mimi sijachoka."

Mabinti zangu, nimefanya kazi miaka mingi, na sijapata kuona uso wa daktari ukihangaika namna ile. Alitazama leso, akamtazama Saumu. Akaniuliza mimi, nami nikamweleza desturi ya Komora. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo hawa walioniletea nguo wanaamini nimewapima?"

"Ndiyo, Memsabu. Akirudi nyumbani atawaambia wote ni wazima."

Hapo Daktari Mrefu akakaa kitini. Hakucheka. Na mimi kicheko kilinikauka, kwa kuwa chini kabisa ya furushi niliona nyekundu, nyeusi na nyeupe, na pembe iliyoungua.

"Saumu, hiki ni cha Bi Maimuna?"

"Ndiyo. Alisema kama ni kumwakilisha, kimwakilishe kile kinachomjua."

Leso zote zilirudishwa na ujumbe: kila mtu aje na mwili wake. Walikuja. Walinung'unika, walisingizia nyani, lakini walikuja, kwa vile Bi Maimuna aliwafuata mmoja mmoja mpaka mashambani, akiwakemea, "Nyinyi ni wajinga? Leso ina kizazi?" Yeye peke yake ndiye hakuja. Jioni nikamkabili uani, anapepeta mchele.

"Mama, kesho twende pamoja."

"Niende wapi? Saumu ameshaniendea."

"Umewaambia wenzako leso haina kizazi!"

"Yao ni leso. Changu ni kisutu." Akapepeta. "Zuhura, mimi ndiye ninayeangalia. Siangaliwi. Nilale pale miguu juu, halafu kesho nimwambie nani atulie? Na wewe umeshika tochi! Mwanafunzi wangu animulike!"

"Nitafumba macho."

"Basi tochi itamulika ukuta. Huna maana."

Nikalia. Nilikuwa msichana, sikuwa na akili nyingine. Akaniambia machozi yangu yataingia kwenye mchele.

Na mto ulikuwa unapanda. Mvua zilikuwa zimenyesha huko juu, maji yamekuwa mekundu, na wavuta kamba walisema siku mbili tatu hivi kivuko kitafungwa. Daktari akafunga masanduku. Mto wa Tana ukifurika mnajua wenyewe: Garsen inakuwa kisiwa kwa miezi, hatoki mtu. Na nani ajuaye daktari wa namna ile angerudi lini.

Asubuhi nikaamka nikakiiba kisutu. Nasema wazi nilikiiba, na ningekiiba tena leo. Nikaenda nacho dispensari nikawaambia Komora na Daktari nilichokuwa nakiwaza. Nilidhani nitafukuzwa. Daktari aliinuka, akatandika shuka safi kwenye kitanda cha wagonjwa, akakilaza kisutu, akakifunika mpaka pale ambapo shingo ingekuwa. Komora naye akaleta kipimajoto akakipachika kwenye mkunjo. Akangoja. Akakitoa, akakisoma kwa upande, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Nikamtuma Saumu. "Mwambie Bi Maimuna kisutu chake kimelazwa. Daktari anasema hakitoki."

Saumu hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipita sokoni kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kushika neno. Kufumba na kufumbua dispensari imejaa wanawake. Mmoja kaleta uji wa mchele kwenye bakuli lenye kifuniko. Mwingine kaleta ndizi. Walikaa chini kuzunguka kitanda, wakakitazama kisutu, wakaulizana kwa sauti ya chini kama kimelala vizuri. Mama wa Kiorma wa maziwa alikipapasa juu ya shuka akasema, "Pole." Bibi mmoja akamuuliza Komora kama kitapona. Komora, ambaye sijawahi kumsikia akifanya mzaha kabla wala baada ya hapo, akamjibu, "Tunategemea mwenyewe."

Kisha tukasikia sauti. Ilitoka mbali, ikaja ikikua.

"Nani kakilaza kisutu changu? Nani? Nimeitwa kuzalisha, niende uchi? Zuhura! Leo utanijua!"

Akaingia. Akawaona wanawake, akaona uji, akaona kitanda, na nguo yake imefunikwa shuka kama maiti. Akanyamaza. Sikuwahi kumwona akinyamaza.

Daktari Mrefu akainama kumfikia. "Bi Maimuna, uliniletea hiki nikipime kwa niaba yako. Nimekipima. Sipendi ninachokiona."

"Nguo haiugui," akasema Bi Maimuna, lakini kwa sauti ndogo.

"Haiugui," akakubali Daktari.

Wanawake wote walikuwa wameambiwa maneno kama hayo na Bi Maimuna mwenyewe mashambani mwao. Hakuna aliyecheka. Hadija, yule aliyeonwa akizaa mara nne, alisimama akamshika mkono. "Njoo, mama. Una nini cha kutuficha?"

Bi Maimuna akakaa pembeni ya kitanda, karibu na kisutu, akakipiga-piga kama mtoto. Akaniambia mimi, si mwingine: "Mama yangu alikwenda hivi hivi, Zuhura. Damu kidogo, akacheka. Mimi nilikuwa msichana, nilimfulia vitambaa. Najua harufu yake. Naogopa kuambiwa."

Nami nikamwambia ninaogopa zaidi yake. Ndiyo kweli niliyoweza kuisema.

"Basi pasha mikono moto," akasema, akavua viatu.

Akapanda mezani. Alilalamika kuhusu meza, kuhusu baridi ya bata, na kuhusu tochi, kwamba naishika kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Sikufumba macho. Daktari akapaka aidini, na pale pembeni palibaki peupe, na kwenye weupe kidonda kidogo kikatoka damu kilipoguswa. Daktari akamtoa bata. Kisha akasema, "Bado ni kidogo. Ukija nami Mombasa leo, wanaweza kukiondoa. Mto ukitufungia, sijui."

"Leo?"

"Leo. Kivuko kinatungoja."

"Kuna mwanamke anazaa!"

"Yuko Zuhura," akasema Komora kutoka barazani, ambako alikuwa amefukuzwa lakini masikio hayakufukuzwa.

Walikwenda kivukoni saa ile ile. Garsen nzima ilishuka mtoni. Maji yalikuwa yamefika kwenye gogo la kufungia kamba. Bi Maimuna alikaa kiti cha mbele, bui bui lake limebanwa mlangoni, akiwaamuru wavuta kamba namna ya kuvuta. Mimi nikamkimbilia nikampa kisutu dirishani, kimekunjwa vizuri. Akakishika, akakinusa, akanirudishia.

"Kaa nacho wewe. Safari hii naenda mwenyewe."

Kivuko kikaondoka. Siku ya pili yake kikafungwa.

Miezi ile sitaki kuirefusha. Maji yalitanda kila mahali, hakukuwa na njia wala habari. Nilimzalisha yule mwanamke, kisutu kimenizunguka mara mbili maana sikuwa na mwili wa kukijaza, mikono nimeipasha moto, nikinyamaza kama nilivyofundishwa. Nikamzalisha Saumu pia, alicheka mpaka mwisho. Usiku nilikuwa nakilalia kile kisutu na kumwomba Mungu asiniachie nguo tu.

Maji yaliposhuka, asubuhi moja nilikuwa nachemsha vyombo nikasikia mtu ng'ambo ya mto anawaambia wavuta kamba kwamba wanavuta kama wamefunga mwaka mzima. Nikaacha jiko linawaka. Alikuwa amekonda, shavu limeingia, anatembea taratibu. Sauti ilikuwa ile ile.

"Wameondoa nyumba ya watoto," akawatangazia wote pale pale kivukoni. "Mwenye nyumba nipo. Na Daktari kasema ningengoja mafuriko mengine, leo mngekuwa mnanisomea." Akanigeukia. "Kisutu changu kiko wapi? Na wewe mbona umekonda? Hukula?"

Makasi na koleo viliungua vyote jikoni. Komora alisema hajali, vimechemka vya kutosha.

Bi Maimuna aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alinizalisha mimi mwenyewe watoto watatu, akinisuta kila mara kwa kelele. Kila mwanamke aliyetaka kukwepa kuja kupimwa ilibidi apite kwake kwanza, na wengi waliona bata ni nafuu. Kisutu aliniachia.

Desturi ya kutuma leso nilidhani imekufa pamoja na Komora. Lakini wiki yangu ya mwisho kazini mnakumbuka yule binti aliyetoka Kulesa, aliyeweka leso juu ya meza yangu akasema, "Mama anasema mumpime kwa hii, yeye ana palizi." Nyinyi mlicheka mkataka kumfukuza. Mimi niliwaomba shuka safi. Mkaniona naipeleka leso kitandani, naifunika, naipachikia kipimajoto, na nikawasikia mnanong'onezana kwamba ni heri bibi anastaafu.

Nikamwambia binti, "Mwambie mama imelazwa."

Adhuhuri haijafika, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mwanamke wa makamo, matope mpaka magotini, jembe bado mkononi, anahema.

"Leso yangu iko wapi?"

"Imetangulia," nikamwambia, huku napasha mikono moto. "Panda."